Shauri Limesimama Mara Kumi na Tano

Kwanza niseme jambo moja, tusije tukagombana mbele ya safari: mimi si mtu wa kuonewa huruma. Mwenye huruma ya kugawa ampelekee msajili wetu, ambaye ana macho mawili na miwani juu yake, na bado alikaa miaka minne bila kugundua kwamba mezani kwangu hapakuwa na skrini.

Skrini niliigawa. Ya karani wa mafaili ilikufa, yangu ilikuwa inanilia nafasi tu, nikamwambia chukua. Pale ilipokuwa nikaweka chupa ya chai na mkoba. Mimi ni kipofu tangu nina miaka sita, na kazi yangu ni karani wa kumbukumbu mahakamani: watu wanasema, mimi nachapa. Sikio la kushoto nawaachia mashahidi na mawakili. La kulia lina kisikilizi, na humo inaongea programu inayonisomea kompyuta: nimechapa nini, niko wapi kwenye ukurasa, nimekosea wapi. Bila sauti ile vidole vyangu vinakimbia vilevile, lakini ni kushona kwa sindano isiyo na uzi. Mkono unakwenda, nguo haishiki.

Kiti hiki sikukipata kwa kuombewa. Kwetu kipofu aliyesoma huwa amewekewa kiti kimoja tu, cha simu za mapokezi, na mimi nimekikalia miaka kumi na moja. "Mahakama, naomba usubiri. Mahakama, naomba usubiri." Shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea na ambaye hadi leo naishi naye, alikuwa akiniigiza jikoni mpaka natamani kumrushia mwiko. Mtihani wa ukarani nilifanya mara tatu. Mara mbili walisahau kuniwekea programu. Mara ya tatu nilikwenda na kompyuta yangu na programu yangu, niliyoinunua kwa jasho langu mwenyewe, nikawapita wote na macho yao. Ndiyo hiyo hiyo programu niliyokuja nayo kazini.

Kuna jambo lingine la kulijua kuhusu kazi yetu. Shauri likisimama, hata kwa dakika moja, karani huandika: saa, muda na sababu. Umeme umekatika, andika. Shahidi amezimia, andika. Siku moja hakimu alipaliwa na maji, nikaandika, naye akaweka sahihi bila kusema neno. Zamani nilikuwa naiona kanuni hii ni ya kipuuzi kidogo.

Basi. Fundi wetu wa kompyuta alikuja kunibadilishia diski iliyokuwa ikikwaruza. Fundi huyu tunamwita Bado Kidogo, kwa sababu ukimuuliza kazi imefika wapi, jibu lake ni hilo, hata kama kisanduku chake hajakifungua. Safari hiyo alimaliza siku ileile. Programu ikaongea, nikamshukuru, maisha yakaendelea mwezi mzima.

Halafu Ijumaa moja, katikati ya sentensi, ikanyamaza.

Nikagonga hiki, nikagonga kile. Kimya. Bado Kidogo akaja, akaenda kuiazima ile skrini yangu kwa karani wa mafaili, akaichomeka, akavuta pumzi.

"Dada, hapa imeandika leseni haijathibitishwa. Siku thelathini zimekwisha. Inasema kuanzia leo itaongea dakika arobaini tu, kwa majaribio, halafu itanyamaza mpaka uwashe kompyuta upya."

"Siku thelathini gani?"

"Tangu nibadilishe diski. Imedhani imehamishiwa kwenye kompyuta nyingine. Inasema ilikuwa inakutangazia kila asubuhi, kidirisha kidogo, kona ya chini."

"Inanitangazia kwa sauti?"

Akajifanya anakaza waya wa skrini.

"Bado Kidogo, kwa sauti?"

"Kwa maandishi, dada. Mekundu."

Nilicheka. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya wasioona kilikuwa kimeniandikia maonyo mwezi mzima, kwa rangi, kwenye skrini ambayo haikuwepo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sawa. Mimi sina, kwa hiyo ilipasa niambiwe. Nilicheka mpaka karani wa mafaili akaja kuuliza kuna nini, kisha kicheko kikaisha na hasira ikabaki peke yake.

Nikampigia simu wakala wa kampuni iliyoitengeneza. Sauti laini, mtu aliyefundishwa kusema "pole" kabla hujamweleza kitu.

"Mama, mfumo unaonyesha umeshatumia funguo zako zote tatu."

"Nina kompyuta moja."

"Mfumo unaonyesha tatu, na sasa unaomba ya nne."

"Ya kwanza ilikufa. Ya pili ilikufa. Ya tatu ndiyo hii, imebadilishwa diski."

"Kwa mfumo, mama, diski mpya ni kompyuta mpya."

"Yaani mtu akiwekewa meno ya bandia, kwenu amekuwa mtu mwingine?"

Akasema pole. Akasema wanajikinga na watu wanaonakili programu bila kuinunua. Nikamuuliza mimi nimeinakili wapi. Akasema hakunitaja mimi. Akasema ninunue leseni nyingine, au nijaze maombi kwenye tovuti yao, watajibu baada ya wiki sita. Bado Kidogo akayafungua yale maombi. Mwisho wake kuna picha ya herufi zilizopindapinda, uandike unachokiona, kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Nikamwambia azime.

Najua kuna programu za bure, usinikumbushe. Zote tulizijaribu jioni ile, na nyumbani zinafaa sana. Lakini mfumo wa kumbukumbu za mahakama ulitengenezwa uelewane na hii moja tu. Hizo nyingine zikifika kwenye ukurasa wa kuchapia zinasema "tupu, tupu, tupu", na mimi nimeshajaza kurasa nne.

Kabla sijatoka msajili akaniita ofisini kwake. Jumatatu lilikuwa linaanza shauri la ndugu wawili wanaogombea nyumba ya baba yao, siku tatu mfululizo, mashahidi kibao.

"Nimefikiria," akasema, "kwa hali hii ungepumzika. Kwenye simu kuna nafasi."

"Hali gani, mzee?"

"Hii ya mitambo."

"Mtambo umeharibika, anayehamishwa ni mimi?"

"Sikiliza. Shauri hili lisipomalizika Jumatano kwa sababu yako, barua ya uhamisho ninayo. Nimeshaichapa."

Alikuwa ameshaichapa. Nilisikia akiigonga-gonga mezani kwa ncha ya kalamu, barua yenye jina langu, ya kunirudisha kwenye "naomba usubiri" mpaka nizeeke. Nilitoka mle nikishika ukuta, na ukuta ule kwa kawaida siuhitaji.

Koridoni Bado Kidogo alikuwa ananisubiri. Akaniwekea kitu kiganjani, kiflashi kidogo kama ukucha.

"Dada, hii ni programu yako ileile, imevunjwa kufuli. Nakuwekea sasa hivi. Hakuna atakayejua."

Nilikifumbata. Nilitamani, tena sana. Na wenzangu wanaoitumia siwalaumu hata kidogo. Aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe ana haki ya kupita dirishani. Lakini nilijiona Jumatatu nimekaa hatua tatu kutoka kwa hakimu, naandika viapo vya watu, huku nimebeba kitu cha wizi sikioni. Wale walioniita mwizi wangekuwa wamesema kweli, tena hata kabla sijaiba. Mimi nilitaka kupita mlangoni, mchana, watu wakiangalia. Nikamrudishia.

Nyumbani shangazi alikuwa anamenya viazi. Nikamweleza yote, nikalia kidogo, akaniacha nilie. Shangazi hana maneno ya kubembeleza, akiyajaribu yanamtoka kama mtu anayesoma risiti.

"Dakika arobaini," akasema. "Halafu?"

"Inanyamaza."

"Ukiwasha upya?"

"Inaongea tena. Kuwaka na kujipanga ni dakika nne."

"Basi haijafa. Tatizo ni aibu."

"Si aibu, shangazi, ni shauri la watu."

"Nimekuuliza, ni aibu au si aibu?"

Nikaokota maganda ya viazi sakafuni.

"Umeme ukikatika hapo kazini mnafanyaje?"

"Shauri linasimama. Naandika saa, muda na sababu, hakimu anaweka sahihi."

Kisu chake kikatulia. "Eh," akasema. "Hilo la kuandika mbona hukuanza nalo?"

Jumatatu saa tatu kamili shauri likaanza. Programu nilikuwa nimeiwasha dakika tano kabla. Kaka mkubwa akaapa, akaanza kueleza jinsi alivyochangia bati, nami nachapa, sikio la kulia linanirudishia maneno. Saa tatu na dakika thelathini na tano, kwenye neno "mabati", ikanyamaza. Nikasimama.

"Mheshimiwa, naomba shauri lisimame dakika nne."

"Sababu?"

"Programu inayonisomea imejifunga. Leseni yake ni halali na ni yangu, ila walioitengeneza wanadhani nimeinakili. Itajifunga kila baada ya dakika arobaini."

Chumba kikaguna. Hakimu wetu anachukia kuchelewa kuliko anavyochukia uongo, na uongo anauchukia. Nilimsikia anavua miwani, anaiweka juu ya meza.

"Karani, unajua kazi yako. Saa, muda, sababu. Na sababu iwe kamili."

Nikawasha upya. Watu walikaa kimya dakika nne nzima. Hakuna kitu kirefu kama dakika nne za watu sitini wanaokusubiri wewe. Ilipoongea, kitu cha kwanza nilichochapa ni hiki: "Saa 3:35. Shauri limesimama dakika nne. Sababu: programu inayomsomea karani imejifunga kutokana na kinga ya kuzuia kunakili. Karani ana leseni halali." Nikaongeza namba ya leseni na jina la kampuni lote, bila kukata hata herufi. Kisha nikageuka kwa shahidi, "Ulisema mabati."

Siku ile ilinyamaza mara tano. Mara ya kwanza nilitetemeka, mara ya pili nilikasirika, mara ya tatu nilimimina chai. Msajili alikuwa amekaa benchi la nyuma, kiatu chake kikipiga sakafu kila nikisimama, na mimi kila kiatu kikipiga nilinyoosha mgongo zaidi.

Jumanne wakili wa mdogo mtu alisimama. "Mheshimiwa, kwa heshima zote, vituo hivi vinatupotezea muda."

"Wakili, jana umezungumzia bomba la maji dakika hamsini. Kaa."

Baada ya hapo watu wakazoea. Mawakili wakawa wanapanga maswali yao yaishe kabla ya dakika ya arobaini. Shahidi mmoja, mama mwenye kikohozi, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ndiyo saa ya kukohoa. Wale ndugu wawili, ambao walikuwa hawasemezani kwa miaka, walirushiana maneno ya kejeli kwenye mapumziko yangu, na kejeli ni mwanzo. Kila nilipowasha niliandika mstari uleule, saa tofauti, jina lilelile la kampuni. Jumatano saa saba shahidi wa mwisho alishuka. Shauri lilikuwa limesimama mara kumi na tano na limemalizika siku iliyopangwa.

Mawakili wana haki ya kuona kumbukumbu jioni ya mwisho kabla haijasainiwa, wasahihishe majina yao na tarehe. Nadhani waliisoma zaidi ya hapo. Mmoja wao alisikika mgahawani akiisoma kwa sauti, na mgahawani pale hula pia watu wa idara iliyokuwa karibu kuzinunulia mahakama zote programu ile. Mimi sikumtuma mtu. Alhamisi saa nane mchana, wakala mwenyewe alikuwa mlangoni kwangu, na msajili nyuma yake.

"Mama, pole sana," akasema. Manukato yake yalifika kabla ya mkono wake. "Nimekuletea ufunguo mpya. Bila malipo. Utakaa hata ukibadilisha diski." Akanipa bahasha.

Nikaipapasa. Ndani mna karatasi laini, haina hata nundu moja ya kusomwa kwa kidole.

"Umeuandika kwenye karatasi."

"Umechapwa vizuri sana, mama."

"Nausoma na nini?"

Hapo pole ilimkauka. Akakohoa, akasogeza kiti, akaja kwenye alichokijia. Kumbukumbu bado haijasainiwa, sivyo? Ile mistari kumi na tano haihusiani na nyumba wala ndugu. Ni mambo ya kiufundi. Kuiondoa ni kazi ya dakika mbili, na ufunguo ni wangu.

"Na barua ile," msajili akasema taratibu, "naichana hapa hapa mbele yako. Ukikaidi, naipeleka leo. Usijimwagie unga wako kwa mistari kumi na tano."

Nataka nieleweke: niliwaza. Niliiwaza simu, kile kiti chenye mto uliobonyea, miaka kumi na moja ya kusubirisha watu. Programu ilikuwa imebakiza kama dakika kumi. Faili lilikuwa wazi mbele yangu, na kufuta mstari ni kubonyeza mara mbili. Na siri ingebaki siri.

"Mzee," nikamwambia msajili, "hakimu alipopaliwa na maji, ulinitaka nifute?"

"Hilo ni tofauti."

"Shauri lilisimama. Niliandika kwa nini. Ukiitoa sababu, dakika sitini zile zitakuwa zimekwenda wapi? Mtu akisoma atasema karani alikuwa mzembe, na huyo karani atakuwa mimi. Mlishaniita mwizi, sasa mnataka nijiandikie na uvivu kwa mkono wangu."

"Hakuna aliyekuita mwizi, mama," wakala akasema.

"Programu yako imeniita hivyo mara kumi na tano, mbele ya watu. Nimeiandika tu."

Nikageukia kompyuta. Nikasogeza mpaka chini kabisa, nikahakikisha mistari yote ipo, nikabonyeza.

"Umefanya nini?" Msajili sauti ilimpanda.

"Nimeipeleka kwa hakimu kusainiwa. Sasa haiguswi, si na mimi, si na wewe. Ipeleke na barua yako, ila uandike sababu ya kunihamisha. Sababu iwe kamili."

Alitoka. Nilisikia viatu vyake vikielekea kwa hakimu, upesi. Wakala alibaki. Hakuwa na kitu cha kubadilishana tena, na nadhani lilikuwa jambo geni kwake.

"Kesho saa tatu," nikamwambia, "kuna shauri lingine. La siku mbili. Viti vya nyuma ni vya umma, karibu uje usikilize nitakavyoandika."

Karatasi ikakunjuliwa.

"Uko tayari kuchapa?" akauliza.

"Soma. Nina dakika nne kabla haijanyamaza."

Akasoma. B kubwa. Saba. Sifuri, au ni O, subiri kidogo. K kubwa. Herufi thelathini, na alizikosea mara mbili, tukarudia, maana wino ulikuwa mdogo na yeye miwani aliiacha kwenye gari. Sikumcheka. Nilimwambia tu kwamba asiharakishe, kila mtu hupata shida akiwa haoni vizuri.

Ikakubali. Ikasema, kwa ile sauti yake ya kujifanya hakuna kilichotokea, kwamba imesajiliwa kikamilifu. Wakala akasimama kuaga.

"Kaa," nikamwambia. "Tuijaribu."

Nikachomoa kisikilizi, sauti ikatoka kwenye spika za mezani. Nikaifungua nakala ya kumbukumbu, nikatafuta mstari wa kwanza, nikaongeza sauti mpaka karani wa mafaili akafungua mlango wake. "Saa tatu na dakika thelathini na tano. Shauri limesimama dakika nne. Sababu." Ikasoma yote, jina la kampuni mpaka mwisho. Nikaenda wa pili. Nikaenda wa tatu. Wakala alikuwa amekaa, nasikia anavyopumua kwa pua.

Msajili akarudi. Alisimama mlangoni, akasema hakimu ameweka sahihi, na ameandika pembeni kwamba hajawahi kupokea kumbukumbu kamili kama hii. Akasema ile barua ameichana, na angependa tuzungumze kidogo.

Nikamwambia asubiri, tumefika mstari wa tisa.